Saa Kabla ya Msaada: Maandalizi ya Dharura Nyumbani na Safarini, Tarime na Serengeti



Nimeombwa nizungumzie vitu ambavyo familia inapaswa kuwa navyo tayari kwa ajili ya dharura, nyumbani na ndani ya chombo cha usafiri. Nitaanza na jambo ambalo mama zangu mliokaa hapa mbele mnalijua kuliko mimi. Nalo ni begi la kujifungulia.

Mimba ikishakua, kliniki wanamwambia mama aanze kuandaa vitu. Anaandaa kidogo kidogo. Kanga mbili tatu zilizofuliwa zikakauka vizuri juani. Mpira wa kutandika kitandani, glovu, pamba, wembe mpya ambao haujafunguliwa kwenye karatasi yake, kibanio cha kitovu, beseni, sabuni, kofia na soksi za mtoto, chupa ya chai. Kadi ya kliniki inakaa juu kabisa. Pesa ya nauli inafungwa kwenye pindo la kanga. Begi lenyewe, mara nyingi ni lile la shangazi kaja, linawekwa nyuma ya mlango, na hata mtoto wa darasa la tatu hapo nyumbani anajua lilipo. Uchungu ukianza saa nane za usiku, hakuna anayehangaika kutafuta wembe kwa mwanga wa simu.

Naomba tuliangalie begi hilo kwa heshima. Mama hajui siku, ila anajua kwamba siku ipo. Amenunua kwa uwezo wake, leo pamba, mnada ujao glovu. Ameweka karatasi pamoja na vifaa. Amefikiria nani atamsindikiza na nani atabaki na watoto. Na Serikali nayo imemwongezea nguvu: tangu mwaka 2022 mfumo wa m-mama ulianza kupelekwa nchi nzima, na mama mjamzito, mzazi au mtoto mchanga akipata dharura, mtu hupiga 115 bila malipo, likaitwa gari la wagonjwa, au lisipopatikana, dereva wa jamii aliyesajiliwa na kulipwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo ujuzi wa kujiandaa tunao, na umo ndani ya nyumba zetu. Kinachosikitisha ni kwamba tumeuacha ukae kwa wajawazito peke yao. Nyumba hiyo hiyo yenye begi zuri nyuma ya mlango haina kitambaa safi cha kufungia jeraha, haina dumu la maji ya akiba, na hati ya shamba iko chini ya godoro.

Wapo wanaosema kuandaa vitu vya maafa ni uchuro, ni kujiitia shari. Siwabezi, kwa sababu hofu hiyo ni ya zamani na ina mizizi. Lakini hata familia ambazo zamani ziliona si vyema kununua nguo za mtoto kabla hajazaliwa, leo zinaandaa begi, na watoto wanazaliwa salama.

Wenzetu wa mbali wamelichukua jambo hili kwa uzito mkubwa. Kila tarehe 1 Septemba Wajapani hufanya mazoezi ya maafa shuleni, ofisini na mitaani, kwa kumbukumbu ya tetemeko la mwaka 1923 lililoua zaidi ya watu 100,000 katika eneo la Tokyo na Yokohama. Sweden ilituma kijitabu cha maandalizi katika kila nyumba mwaka 2018, ikatuma kingine mwaka 2024. Machi 2025 Umoja wa Ulaya uliwashauri wananchi wake wawe na mahitaji ya kuwatosha saa 72. Hao ni watu wenye lami mpaka mlangoni na magari ya wagonjwa yanayofika upesi, na bado wanaambiwa wajitegemee siku tatu. Sisi tunaoishi ambako barabara ya Tarime hadi Mugumu kupitia Nyamongo, takriban km 87, inaweza kuamua yenyewe kama leo utapita au hutapita, tuna sababu kubwa kuliko yao.

Ila tusichukue orodha zao nzima nzima. Zimejaa vyakula vya makopo na vitu ambavyo kwetu ni anasa, na mtu akizisoma anakata tamaa kabla hajaanza. Orodha yetu ianze na maswali mawili. Hapa kwetu ni kitu gani huvamia nyumba? Na msaada huchukua muda gani kufika?

Chukueni mto wenyewe. Mto Mara, wenye urefu wa karibu km 395, unaanzia kwenye msitu wa Mau nchini Kenya, unapita Bomet na Maasai Mara, unaingia Hifadhi ya Serengeti, unapita kati ya wilaya za Tarime na Serengeti, unatanuka kwenye matindiga, kisha unapita chini ya daraja la Kirumi kuingia Ziwa Victoria. Sehemu kubwa ya bonde lake, karibu theluthi mbili, iko upande wa Kenya. Maana yake ni kwamba mvua inayokuletea mafuriko inaweza kuwa imenyesha mbali kabisa, wewe huku unaanika mihogo juani. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei 2024, mto Talek, unaomwaga maji yake katika Mara, ulifurika ndani ya Maasai Mara, kambi za watalii zikazama na watu wakaokolewa kwa helikopta na magari ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Maji yale hayakuwa na njia nyingine ila kuteremka kwetu. Siku chache kabla ya hapo, Waziri Mkuu alikuwa ameliambia Bunge letu kwamba mvua za msimu ule wa El Nino zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Kwa mwenzangu anayelima kandokando ya mto, habari za redio kutoka Bomet na Narok ni sehemu ya vifaa vyake vya dharura. Redio ndogo ya betri, au simu yenye redio, ikae pamoja na vifaa hivyo.

Radi nitaitaja kwa ufupi, ingawa ukanda wetu wa Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye ngurumo nyingi duniani. Januari 2025 radi iliua wanafunzi 7 wa shule moja ya sekondari wilayani Bukombe, mkoani Geita. Radi haina begi. Kinga yake ni kuondoka chini ya mti, kuacha shamba na kuingia ndani ya nyumba imara au ndani ya gari lililofungwa vioo. Neno moja tu nisilitupe: aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Anagusika, na kama hapumui, kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi kunaweza kumrudisha. Muda unaopotea watu wakijadili ni nani kamtumia radi ndio muda wake wa kuishi.

Upande wa Serengeti, vijiji vinavyopakana na hifadhi na mapori ya Ikorongo na Grumeti vinajua dharura nyingine, tembo. Robanda, Nata na kwingineko hamhitaji kufundishwa kuhusu pilipili, ngoma na tochi. Nataka tu tuunganishe jambo moja na jingine. Mtoto akipandwa na homa kali usiku wakati mahindi yamekomaa, njia ya kwenda zahanati ndiyo hiyo hiyo ya tembo. Kwa hiyo familia ya pembezoni mwa hifadhi inahitaji tochi yenye mwanga mkali na betri za akiba, honi, na dawa za kuituliza homa mpaka kupambazuke au mpaka gari lipatikane. Kwa nyumba kama hiyo, saa za kusubiri zihesabiwe mpaka asubuhi.

Na mhadhara huu ukiwa Tarime, siwezi kuyaruka mapigano ya koo. Yale ya Wanchari na Walenchoka mwishoni mwa miaka ya 2000 wengi wetu tunayakumbuka. Tumekuwa na mkoa maalumu wa kipolisi wa Tarime na Rorya kwa sababu ya matatizo ya namna hiyo pamoja na wizi wa mifugo. Leo hali ni tulivu kuliko wakati ule, na Mungu atujalie iendelee. Lakini waulizeni waliokimbia nyumba zikiwaka moto nyuma yao walijutia nini baadaye. Ng'ombe, ndiyo. Nafaka, ndiyo. Kilichowasumbua miaka mingi zaidi ni karatasi: cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, kadi ya matibabu. Ng'ombe huzaa, lakini kupata cheti kingine ni safari ya ofisi hadi ofisi, na kila ofisi inataka karatasi iliyoungua.

Ndiyo maana naanza vifaa vya nyumbani kwa karatasi, si kwa chakula. Tafuta mfuko mzito wa plastiki, uweke ndani ya mwingine. Humo ziingie nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za bima, hati au makubaliano ya shamba, kadi za kliniki zisizotumika kila wiki. Vyeti halisi vya shule, kama huna mahali pengine salama, viwe humo pia. Piga picha kila karatasi kwa simu, umtumie ndugu aliye mbali, mwenye simu ya kutegemeka. Weka karatasi moja iliyoandikwa kwa kalamu ya wino namba za simu za watu watano, kwa sababu simu ikizima chaji wengi wetu hatujui hata namba ya mke au mume. Kwenye karatasi hiyo hiyo ziandikwe 112 ya polisi, 114 ya zimamoto, 115 ya m-mama na 116 ya kuripoti ukatili dhidi ya mtoto. Na wale wa Sirari na vijiji vya mpakani mkumbuke kwamba simu zenu hushika mtandao wa Kenya bila kuombwa. Kabla ya kupiga, angalieni juu ya kioo mko mtandao gani, la sivyo mtakuwa mnamweleza askari wa Kenya habari za Muriba.

Pesa nayo ikae kwenye mfuko huo, noti ndogo ndogo. Mtandao ukikatika, au wakala akiwa amelala, salio la simu halimlipi bodaboda.

Vyombo vya kuwekea vitu nimevifikiria sana, kwa sababu adui wa kwanza wa akiba katika nyumba zetu ni panya, wa pili ni paa linalovuja. Begi la kitambaa panya hulitoboa. Ninachopendekeza ni ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Panya hawezi, mvua haiingii, mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kuikokota, na mkifika mlikokimbilia ndoo yenyewe inachotea maji. Ifungwe utepe mwekundu au ipakwe rangi, isije ikakopwa kwenye msiba.

Maji. Mtu mzima anahitaji karibu lita 3 kwa siku za kunywa na za chakula. Familia ya watu 6 kwa siku tatu ni lita 54, yaani madumu matatu ya lita 20, yakabaki kidogo ya kunawa. Hilo haliko nje ya uwezo wa nyumba nyingi, na linahitaji mpangilio tu: dumu moja litumike kila juma na kujazwa upya, ili yasikae mpaka yaote ukijani. Dumu lisiwe limewahi kubeba petroli, dawa ya magugu wala dawa ya kuogeshea ng'ombe. Hilo halisafishiki hata ulisugue kwa mchanga. Weka pia pakiti ya vidonge vya kutibu maji, ufuate maelezo ya kwenye pakiti, kwani mafuriko yakishuka kinachofuata ni kuhara. Na hapo kila mtu mzima ajue kwa kichwa maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyojaa juu, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Paketi za ORS za dukani ni bora zaidi, ziwekwe kadhaa, pamoja na vidonge vya zinki kwa watoto. Mtoto anayehara anakufa kwa kukauka, na anaweza kukauka ndani ya siku moja huku wazazi wakisubiri barabara ifunguke.

Kwenye chakula sina wasiwasi mkubwa, maana wazee wetu walitangulia. Ulezi ukikaushwa vizuri hukaa ghalani miaka bila kubunguliwa, na mihogo mikavu husubiri. Ongeza dagaa wakavu wa Musoma, karanga, sukari, chumvi, na kiberiti kilichofungwa kwenye plastiki. Unga wa uji wa ulezi ulioandaliwa tayari ndio chakula cha dharura kinachotufaa kuliko kopo lolote, kwa mtoto, kwa mzee na kwa mgonjwa. Ninachoomba ni kwamba ile akiba ya ghala isiuzwe yote wakati bei inapopanda mpakani.

Dawa. Nyumba yenye mtu wa presha, kisukari, pumu, kifua kikuu au anayetumia ARV iwe na dozi ya wiki mbili ambayo haijaguswa, pamoja na kadi yake. Aliyekosa barabara siku nne asikose dawa siku nne. Hili halihitaji fedha, linahitaji kwenda kliniki siku chache kabla ya dawa kwisha, na kumweleza mhudumu kwamba kwenu mto hufunga njia.

Huduma ya kwanza ndiyo sehemu ambayo ningependa tukae nayo. Kwenye ndoo ziwepo bandeji pana za kutosha, gozi, plasta, glovu, mkasi, sabuni, dawa ya homa na maumivu, na vitambaa viwili vya pembetatu vilivyokatwa kwenye shuka safi la zamani. Lakini kisanduku bila mikono inayojua ni pambo. Jeraha la panga linalovuja damu nyingi linataka kitu kimoja kwanza: kitambaa safi, kiganja cha mkono, na kukandamiza kwa nguvu bila kufunua funua kuona kama damu imekata. Kitambaa kikilowa, weka kingine juu yake, endelea kukandamiza. Majeruhi akimbizwe hospitali na mtu mmoja, na mtu wa pili aende kituo cha polisi kuchukua fomu ya matibabu ya PF3, ili damu isisubiri karatasi. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha afunikwe kwa kitambaa safi kisichonata. Dawa ya meno, unga, yai na mafuta havimsaidii, vinamwongezea daktari kazi ya kuvibandua. Aliyeumwa na nyoka, awe kifutu au mwingine, avuliwe pete na bangili, atulizwe, mguu ufungwe kwa ubao kama uliovunjika ili usichezecheze, apelekwe kituo cha afya akiwa amebebwa. Asichanjwe, asinyonywe, asifungwe kamba ya kukata damu. Kwenye bodaboda akae katikati, kati ya dereva na mtu anayemshikilia.

Vipo vitu viwili vinavyowekwa kama maandalizi na vyenyewe vinaua. Cha kwanza ni petroli ya chupa inayohifadhiwa ndani, na huku mpakani tumeizoea mno. Petroli haikai katika nyumba wanayolala watoto, na haikai kwenye ndoo ya dharura. Cha pili ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku wa baridi, hasa kule juu Nyamwaga na Gorong'a, madirisha yakiwa yamefungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na familia nzima inaweza isiamke. Weka blanketi za ziada kwenye maandalizi yako, jiko lilale nje.

Naomba nitaje pia dharura moja ambayo hailetwi na mvua. Ikifika miezi ya Novemba na Desemba, kwa miaka ambayo koo zimepanga tohara, wapo mabinti wanaotoroka usiku kukwepa ukeketaji. Sheria yetu ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 imekataza kuwakeketa walio chini ya miaka 18, na wapo wanaowapokea: kituo cha Masanga huku Tarime, na nyumba salama ya Mugumu. Lakini kati ya nyumbani na hapo kuna kilomita nyingi za giza, na binti anakuwa na gauni alilovaa tu. Walimu mliopo, hasa walimu wa kike, nawaomba kila shule iwe na mfuko mmoja kwa ajili ya mtoto wa namna hiyo: kanga, kandambili, taulo za kike, sare moja, nauli, na karatasi yenye 116 pamoja na namba ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mfuko huo usiwekwe wazi. Binti mmoja au wawili katika kila darasa wajue ulipo, inatosha. Nalihesabu jambo hili pamoja na mafuriko, kwa sababu hapa nalo linaweza kumtokea mtoto unayemjua kwa jina.

Sasa chombo cha usafiri. Ninyi madereva wa michomoko na Noah, najua trafiki akiwasimamisha atawauliza pembetatu na mtungi wa kuzimia moto. Angalieni mshale wa mtungi huo uko kwenye kijani, msiuangalie kama pambo la trafiki. Matawi ya miti yanayotandazwa barabarani gari likiharibika hayaonekani usiku mpaka umeyafikia, na dereva akishaondoka hayaondoi. Pembetatu mbili, moja mbele moja nyuma, na kizibao kinachong'aa kwa yule anayebadilisha tairi.

Niwaambie kuhusu jeki, maana hapo ndipo safari nyingi za wagonjwa zinapokufa. Tairi ya akiba ipo, jeki ipo, lakini tairi imepasukia kwenye udongo mweusi wa mbuga. Ukizungusha jeki, gari halipandi, jeki ndiyo inayozama. Kipande cha ubao mnene, futi moja kwa futi moja, kikae daima chini ya tairi ya akiba. Weka na bomba la chuma linaloingia kwenye mkono wa spana, kwa ajili ya zile nati zilizokazwa na fundi mwenye hasira. Halafu kamba imara ya kuvutia, sepetu, panga, tochi ya kuvaa kichwani ili mikono miwili ifanye kazi, waya wa kuchajia simu, dumu la maji la lita 10 ambalo ni la watu na jingine dogo ambalo ni la rejeta. Kisanduku cha huduma ya kwanza kama cha nyumbani, na shuka moja nzito, kwa sababu majeruhi hupata baridi hata mchana. Mafuta yasishuke chini ya nusu tenki msimu wa mvua.

Na hapa kwenye madaraja mfuto, ambako maji hupita juu ya barabara, hakuna kifaa kinachosaidia. Maji ya sentimita 30 yanaweza kuliinua gari dogo, na ya sentimita 60 yanaondoka na magari karibu yote. Mtu kwa miguu anaangushwa na maji ya sentimita 15 tu yanayokimbia kwa kasi. Dereva anayesubiri saa tatu upande huu wa maji ndiye dereva ninayetaka ambebe mama yangu.

Kwa vijana wa bodaboda, najua chini ya kiti hakuna nafasi ya ndoo. Pampu ndogo, kiraka na gundi, spana ya plagi, mfuko wa plastiki wa simu, bandeji mbili na glovu jozi mbili vinaingia. Huku kwetu ninyi ndio gari la wagonjwa la kwanza, na kijana aliyejifunza kukandamiza jeraha anafanya kazi ambayo hospitali haiwezi kuifanya kutoka mbali. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichopo tangu mwaka 1962, hufundisha huduma ya kwanza. Umoja wenu wa bodaboda uombe mafunzo hayo kama kikundi.

Abiria wa mabasi ya kwenda Arusha kupitia Hifadhi ya Serengeti wajipange kivyao. Ndani ya hifadhi mwendo haupaswi kuzidi km 50 kwa saa, mtandao wa simu hupotea kwa sehemu ndefu, na basi likiharibika huruhusiwi kushuka ovyo kutembea. Utasubiri ndani. Kwa hiyo maji lita 2, chakula kisichochacha, dawa zako na sweta viwe mkononi, visiwe kwenye buti. Sweta mtu wa Mugumu huliacha kwa sababu kwake kuna joto, kisha anaufikia ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, jioni, akiwa na mtoto mwenye fulana.

Mtaniuliza gharama. Zaidi ya nusu ya vitu nilivyotaja viko nyumbani tayari, vimetawanyika. Vilivyobaki vinunuliwe kama mama anavyonunua vya begi lake, kitu kimoja kila siku ya mnada. Kuanzia leo hadi masika ijayo ndoo itakuwa imejaa. Nyumba ambayo haiwezi hata hivyo ipo, na hiyo ni kazi ya majirani wa kitongoji.

Hapo ndipo viongozi wa vijiji mnapoingia. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa mpaka kijiji. Kamati ya kijiji haihitaji ghala ili ianze kazi. Inahitaji daftari. Liandikwe nani ana gari au pikipiki na namba yake, nani ana mtumbwi, nani amesomea uuguzi na amestaafu, nani anaweka funguo za shule au kanisa watu wakihitaji kulala mahali pakavu, ni nyumba zipi zina mzee asiyeweza kutembea au mtoto mwenye ulemavu, na ni nani atawagongea usiku. Machela inatengenezwa kwa fito mbili na magunia mawili yaliyotobolewa pembe, na kila kitongoji kiwe nayo moja. Yowe tunalijua tangu zamani, sungusungu tunao, na vikao vya ukoo vinaitika haraka kuliko barua ya mtendaji.

Naomba wenyeviti mliopo muiweke ajenda ya daftari hilo kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla ya mvua za vuli, na iwe ajenda ya kwanza, watu wakiwa bado hawajaanza kunyanyuka kwenda kwenye mifugo.